Na Wenyewe Wapaitaje? Somo la Majina Kutoka kwa Gemu ya Sayari

Wiki hii tuziache kidogo siasa za kaunti na bei ya unga, tuzungumze kuhusu gemu. Najua wapo watakaouliza mtu wa makamo kama mimi ana nini na michezo ya watoto. Subira. Iko gemu moja ambayo shughuli yake kubwa si kupiga risasi wala kufunga mabao. Shughuli yake ni kufika mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona, kupazunguka, na kupapa jina. Mpwa wangu anaicheza, nami nimeketi nyuma yake jioni nyingi nikimtazama na kumuuliza maswali. Kadiri ninavyoielewa, ndivyo ninavyoona kwamba ina jambo la kutuambia sisi watu wa Pwani, ambao majina ya mahali petu yameandikwa na wageni kwa muda mrefu na mengine hayajaandikwa kabisa.

Gemu hiyo inaitwa No Man's Sky. Ilitengenezwa na kampuni ya Hello Games ya mji wa Guildford, Uingereza, ikiongozwa na Sean Murray, na ilitoka Agosti 2016. Mchezaji huanza peke yake kwenye sayari moja, kando yake chombo cha angani kilichoharibika. Akishakitengeneza yuko huru kwenda atakako. Na pa kwenda ni pengi. Idadi ya sayari zinazowezekana katika gemu hiyo ni 18,446,744,073,709,551,616. Lau ungeizuru kila moja kwa sekunde moja tu, bila kulala, bila kula, ungehitaji zaidi ya miaka bilioni 580 kuzimaliza. Wanasayansi wanakadiria kwamba ulimwengu wetu wenyewe una umri wa karibu miaka bilioni 14.

Sayari zote hizo zatoka wapi?

Hakuna mafundi wa kuchora sayari nyingi kiasi hicho mojamoja, na hakuna kompyuta ya kuzihifadhi. Siri iko katika hesabu. Kila sayari ina namba yake ambayo mafundi huiita mbegu. Ukiikaribia, mashine huichukua namba ile na kuipitisha katika fomula, na fomula hutoa milima, bahari, rangi ya mbingu, miti na wanyama. Ukiondoka, sayari inafutika kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukirudi, namba ni ileile na fomula ni ileile, kwa hivyo unaikuta kama ulivyoiacha.

Fikiria mapishi. Mtu anayesafiri habebi sufuria ya pilau kutoka Mombasa hadi Garissa. Anabeba kipimo kichwani: mchele kadha, nyama kadha, bizari kiasi hiki. Akifika, akikifuata kipimo kilekile, anapata pilau ileile. No Man's Sky haibebi sufuria, inabeba kipimo. Ile idadi kubwa niliyoitaja inatokana na urefu wa namba za mbegu: chukua mbili 64, zizidishe zote pamoja, utapata hesabu hiyo.

Jambo hili lina matokeo ya ajabu. Hata waliotengeneza gemu hawajaziona sayari zao, isipokuwa chache mno. Waliandika fomula, lakini fomula imezaa nchi ambazo hawakuzipanga mojamoja. Kijana wa Kisauni akishuka leo kwenye sayari ambayo haina jina la mchezaji yeyote, inawezekana kabisa kwamba yeye ndiye binadamu wa kwanza kuitazama.

Jinsi jina linavyowekwa

Mchezaji ana chombo cha kutazamia. Akimlenga mnyama, mmea au jiwe, chombo kinamsajili. Kompyuta imeshampa kila kiumbe na kila sayari jina la kubuni, silabi zilizoungwaungwa zisizo na maana kwa yeyote. Mchezaji anaweza kulifuta na kuweka lake, kisha anayatuma aliyoyagundua kwenye seva za kampuni na kupokea malipo ya ndani ya gemu. Kuanzia hapo, msafiri mwingine akipita atalikuta jina lile, na pamoja nalo jina la aliyetangulia.

Watu waliipenda kazi hii mno. Baada ya usiku wa kwanza tu, Murray alitangaza kwamba wachezaji wameshasajili aina milioni 10 za viumbe, idadi inayopita aina zote zilizowahi kutambuliwa hapa duniani kwetu.

Na waliweka majina gani? Yale ambayo wewe na mimi tungeyaweka tukiachiwa kalamu bila msimamizi. Jina la mke. Jina la paka. Jina la timu ya mpira. Mzaha ambao mcheshi ni yeye peke yake. Mpwa wangu ana sayari aliyoipa jina la mwalimu wake wa hesabu kwa sababu mvua yake ni ya sumu. Nilicheka, lakini nikamuuliza: je, mwingine akilisoma jina hilo litamsaidia nini? Hakuwa na jibu.

Jina bila njia

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza, na wachezaji wenyewe waliliona mapema. Siku za mwanzo palikuwa na mamilioni ya majina lakini hakukuwa na njia ya maana ya kumwelekeza mtu. Ungeweza kuipata sayari nzuri, yenye majani mabichi na bahari tulivu, ukaiita Peponi, lakini ukitaka rafiki yako aje kuiona ungemwambia aelekee wapi? Jina lilikuwa limeandikwa, lakini halikuwa na kazi. Lilikuwa kama jina lililochorwa kwa kidole kwenye mchanga wa kisiwa ambacho hakuna mashua inayofika.

Wachezaji wadadisi wakagundua kwamba kifaa kimoja cha kunasia mawimbi ndani ya gemu kilionyesha mafungu manne ya herufi na tarakimu. Wengi walidhani ni mapambo. Wao wakayachambua na kuona kwamba ni anwani ya mahali kifaa kilipo. Sasa mtu angeweza kusema: niko hapa, njoo. Kampuni nayo, katika toleo lililotoka Agosti 2017, ikaweka malango ya kusafiria ambayo kila moja lina anwani ya alama 12. Ukizijua alama, unafika.

Kabla hata ya malango hayo, mwaka 2016, kundi la wachezaji lilikuwa limeshafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Walijiita Galactic Hub. Walisema: nafasi ni kubwa mno, tukitawanyika hatutaonana daima, basi tuchague eneo moja tuhamie huko. Kisha wakawekeana kanuni ya majina. Kila mfumo wa nyota ndani ya eneo lao uanze kwa alama moja inayofanana, ikifuatwa na namba, ili msafiri akiiona ajue amefika kwa watu na ajue yuko sehemu gani. Wakaandaa orodha na ramani, wakaeleza sayari ipi inafaa kujenga, ipi ina joto la kuua, ipi ina wanyama wa kutazama.

Ona tofauti. Mchezaji wa kwanza aliandika jina ili kusema: mimi nilifika. Hawa waliandika ili kusema: wewe utafikaje. Ni herufi zilezile, lakini jina la pili lina mtu mwingine ndani yake.

Sisi tunaijua hiyo aina ya pili. Kilindini ni penye kilindi, maji ya kina kirefu. Nahodha anayesikia jina hilo ameshapewa habari anayoihitaji kabla hajatia nanga. Shimoni, kule Kwale, ni penye shimo, na mapango yako pale hadi leo. Mwembe Tayari, Mwembe Kuku na Mwembe Tanganyika ni majina ya mji ambao watu wake walielekezana kwa miti waliyoiona wote. Hakuna ofisi iliyokaa kikao kuyatunga. Yalikaa kwa sababu yalisaidia watu kukutana.

Mahali pakibadilika

Halafu likatokea jambo ambalo watengenezaji hawakulikusudia liwe somo. Toleo lile la 2017 liliigusa fomula. Nilisema kwamba sayari ni matokeo ya mbegu na fomula. Ukibadilisha kipimo, pilau nayo inabadilika. Sayari nyingi ziligeuka. Palipokuwa na majani pakawa jangwa, palipokuwa na hewa safi pakawa na sumu. Majina yalibaki kwenye seva lakini mahali palipotajwa hapakuwa tena pale. Waliojenga nyumba katika eneo la Galactic Hub walikuta nchi yao imeharibika, nao wakaamua kuhama kwa pamoja kwenda eneo jingine na kuanza upya.

Mwanaakiolojia mmoja, Andrew Reinhard, alilichukulia jambo hili kwa uzito. Yeye ndiye mwandishi wa kitabu Archaeogaming cha 2018, kinachoeleza jinsi elimu ya kale inavyoweza kutumika ndani ya gemu. Alikwenda kwenye makazi yale yaliyohamwa, ndani ya gemu, akayachunguza kama mtu anayechunguza magofu ya Gedi: nani aliishi hapa, alijenga nini, aliacha ujumbe gani, kwa nini aliondoka. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni upuuzi. Lakini wale waliohama walikuwa watu wa kweli, saa walizotumia kujenga zilikuwa za kweli, na huzuni ya kuondoka iliandikwa kwa mikono yao.

Mimi nililoliokota hapo ni hili: jina linaweza kuishi kuliko kilichotajwa. Anayepanda matatu leo kwenda Mwembe Tayari haulizi mwembe uko wapi. Jina limeacha kuwa maelezo ya mti, limekuwa kumbukumbu. Ndiyo maana likipotea, hupotei ukumbi wa kupandia gari tu. Inapotea habari ya kwamba hapa palikuwa na kitu, na watu walikusanyika chini yake.

Gemu nyingine, sheria nyingine

Si kila gemu inampa mchezaji kalamu kwa urahisi hivyo. Iko nyingine iitwayo Elite Dangerous, ya kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, iliyotoka Desemba 2014. Hii imejaribu kuichora galaksi yetu wenyewe, Njia ya Maziwa, kwa ukubwa wake halisi, ikiwa na mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Nyota ambazo wanasayansi wanazijua zimewekwa mahali pake, na zilizobaki zimejazwa na fomula.

Humo ukifika wa kwanza, jina lako linaandikwa kama mgunduzi. Lakini jina la nyota huligusi. Linabaki lile la kompyuta, mchanganyiko wa silabi, herufi na namba ambao hakuna awezaye kuukumbuka. Hivyo wachezaji wakaanzisha daftari lao nje ya gemu. Mtu akiona mahali pa kustaajabisha anapapendekeza, anaeleza kuna nini na kwa nini pastahili kukumbukwa, na wenzake wanapima kabla ya kuingiza kwenye ramani ya pamoja. Baadhi ya majina hayo yalitumika sana hata kampuni ikayakubali na kuyaingiza ndani ya gemu yenyewe. Mfano unaojulikana ni Beagle Point, nyota iliyo upande wa mbali wa galaksi, umbali wa miaka ya nuru kama 65,000 kutoka kwa jua letu. Misafara mikubwa ya wachezaji imekwenda huko kwa majuma mengi, wakijua tu kwamba mwisho wa safari una jina.

Kwa hivyo tuna njia mbili. No Man's Sky inampa jina yule aliyetangulia kufika. Elite inalipa jina nguvu pale ambapo wengi wamelitumia na kulikubali. Mimi naipenda zaidi ya pili, ijapokuwa mpwa wangu anasema ni ya watu wa kamati.

Swali la bibi

Lakini swali zito kuliko yote halikutoka kwangu wala kwa mpwa wangu. Lilitoka kwa mama yangu, yaani bibi yake, aliyekuwa akipita sebuleni na tasbihi yake baada ya swala ya Isha. Akamkuta mjukuu wake ameshusha chombo mbele ya kituo, na ndani ya kituo ameketi kiumbe mfupi mwenye mdomo kama wa ndege, nyuma ya meza, akifanya biashara.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni Gek, bibi. Wafanyabiashara."

"Yuwaishi hapa?"

"Ndiyo. Mimi nimeigundua hii sayari, sasa naiandika jina."

Mama akatazama kidogo. "Na hao wenyewe wapaitaje?"

Kijana akageuka akanitazama mimi. Nami sikuwa na la kusema.

Kwa sababu ni kweli. Sayari nyingi za No Man's Sky si tupu. Zina majengo, zina maduka, zina vituo angani vilivyojaa watu wa mataifa matatu makubwa: Gek, Korvax na Vy'keen. Wana lugha zao, na mchezaji hujifunza neno moja moja kutoka kwao na kutoka kwa mawe ya maarifa yaliyosimikwa huko. Wana hata historia: inasimuliwa ndani ya gemu kwamba Gek wa kale waliwatawala Korvax kwa mabavu. Yote hayo yapo. Lakini mchezaji akishuka, akampita mwenye duka, akatoa chombo chake na kusajili, gemu inamwandika yeye kuwa mgunduzi. Unaweza kujifunza kuwasalimu kwa lugha yao, kuwauzia na kununua kwao, lakini hakuna mahali gemu inapokutaka uwaulize kwanza wanapaitaje kwao.

Sidhani waliotengeneza walikusudia ubaya. Walitaka mchezaji afurahie kuwa wa kwanza, na walitaka pia asijihisi mpweke, na mambo hayo mawili yakagongana. Hata hivyo mtu wa Pwani hawezi kuitazama picha hiyo asikumbuke kitu.

Port Reitz

Kati ya 1821 na 1826, Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliongoza kazi ya kupima pwani za Afrika akiwa na merikebu Leven na Barracouta. Ilikuwa kazi kubwa, na mabaharia wake wengi walikufa kwa homa. Walipima vina vya maji, wakachora rasi na milango ya bahari. Mabaharia waliofuata walifaidika, na sitaki kuidharau kazi hiyo.

Mwaka 1824 Owen alifika Mombasa wakati Wamazrui wakiogopa kushambuliwa na Sultani wa Oman, Seyyid Said. Wakataka ulinzi wa Waingereza, naye akakubali. Akamwacha ofisa wake, Luteni John James Reitz, asimamie. Reitz alifika Februari na kufikia mwisho wa Mei mwaka huohuo alikuwa ameshafariki. Ulinzi wenyewe uliondolewa 1826. Lakini hori lile la magharibi ya kisiwa liliandikwa Port Reitz kwenye ramani, na Port Reitz ndilo jina lake hadi leo, karne mbili baadaye. Watoto wanazaliwa huko, watu wanapiga kura huko, matatu zinaita abiria wa huko.

Mtu aliyekaa nasi miezi isiyotimia minne ana bahari kwa jina lake. Waliovua humo kabla yake, baba kwa babu, walikuwa wakipita sehemu zake wakizitaja, kwa sababu huwezi kuvua mahali usipopaita. Owen alikuwa na karatasi, wao walikuwa na ndimi. Karatasi ikashinda.

Ndiyo maana swali la mama yangu halikunitoka. Mchezaji wa No Man's Sky hamdhulumu mtu. Gek ni picha ya kompyuta na haina mjukuu wa kulalamika. Ila mkono unaozoea kuandika kabla ya kuuliza, unazoea. Na vijana wetu ndio watakaoshika ramani za kesho.

Yaliyobaki ndimini

Nenda leo kwa wazee wavuvi, Vanga hadi Kiunga. Muulize mmoja alivua wapi jana. Hatakupa latitudo. Atakutajia jina la mwamba, au la fungu, au la mlango wa maji, na atakwambia alijuaje kwamba yuko pale: aliupanga mnazi fulani juu ya mnara wa msikiti, na upande wa pili akaipanga rasi na kilima. Mistari miwili inapokutana ndipo penyewe. Hiyo ni anwani kamili, haina tofauti na zile alama 12 za malango. Tofauti ni kwamba mnazi ukikatwa, au ghorofa ikajengwa mbele ya mnara, anwani imeharibika. Na mzee akifariki bila kumfundisha kijana, jina linazikwa naye. Fungu litabaki baharini, lakini litakuwa limerudi kuwa mahali pasipo jina.

Ukifungua ramani ya simu leo uitazame bahari yetu, utaona rangi ya buluu tu. Hoteli ziko, benki ziko. Kwenye maji hakuna kitu, kana kwamba hakuna aliyewahi kupita.

Hili linarekebishika, na si lazima tungoje serikali. Tangu 2004 iko ramani ya wazi ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza, ambayo mtu yeyote anaweza kujisajili na kuongeza kitu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, mtaa ambao kwenye ramani za wakati huo ulikuwa karibu weupe mtupu, waliichukua na kuchora njia, vyoo, zahanati na mabomba ya maji ya mtaa wao katika mradi wa Map Kibera. Dar es Salaam nako, tangu 2015, wanafunzi na wakaazi walichora mitaa inayofurika maji kupitia Ramani Huria. Na jambo zuri ni kwamba ramani hiyo haimlazimishi mwandishi kuchagua jina moja. Ina nafasi ya jina linalotumika, nafasi ya jina la zamani, nafasi ya jina la wenyeji na nafasi ya jina kwa lugha nyingine. Port Reitz inaweza kubaki Port Reitz, na kando yake yakaandikwa yale wanayoyataja wazee.

Natia tahadhari moja. Si kila mahali pataka kutangazwa. Mvuvi ana siri ya riziki yake, na ukimwandikia mwamba wake kwenye ramani ya dunia umewaita wenye nyavu kubwa. Kaya za Mijikenda zina sehemu ambazo wazee hawaziruhusu kukanyagwa ovyo. Hapo swali linakuwa mawili: mwapaitaje, na je, mwaridhia tupaandike? Wakikataa, liandikwe kwenye daftari la familia libaki huko. Kulihifadhi jina na kulitangaza ni mambo mawili.

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba elimu aliyotunukiwa baba yetu Adam, amani iwe juu yake, mwanzoni kabisa, ilikuwa ya majina. Nikilitafakari hilo, naliona jina kama amana. Alipewa, nasi tumepewa kutoka kwa waliotutangulia.

Kwa hivyo sisemi vijana waache gemu. Kinyume chake. Kijana aliyetumia miezi miwili akijaza orodha za sayari, akaheshimu kanuni za majina za kundi lake, akajua maana ya anwani na akajua jinsi toleo jipya linavyoweza kufuta nchi nzima, ameshapata mafunzo ambayo taasisi zingemtoza karo. Ana subira ya kupachunguza mahali na anajua kwamba jina lisiloelekeza halimfai mtu.

Kilichobaki ni kumkalisha karibu na mzee wake. Ijumaa moja baada ya swala, au jioni moja pale bandarini nyavu zikikaushwa, achukue simu na daftari. Aulize mahali pamoja tu. Aandike jina kama linavyotamkwa na wenyewe, kwa lahaja yao, bila kulinyoosha liwe la shule. Aandike maana yake ikiwa inajulikana. Aandike alama mbili za nchi kavu zinazopaonyesha, na apige picha ya alama hizo kabla hazijakatwa. Aandike nani alimwambia na siku gani. Kisha aulize kama laruhusiwa kuwekwa kwenye ramani.

Mahali pamoja kwa kila kijana, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Wazee bado wapo, alhamdulillah, lakini kila wiki tunasoma Yasin kwa ajili ya mmoja wao.